Joto uvunguni, kelele kabini: shajara ya sakafu ya pikapu

Gari ni pikapu ya kabini mbili, injini ya petroli, gia za mkono, bodi imekaa juu ya fremu. Bomba la moshi linashuka kutoka kwenye injini, linapita ubavuni mwa giaboksi, na katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye bomba, imekaa sawasawa chini ya miguu ya abiria wa mbele. Abiria huyo akivua viatu safarini huvivaa tena upesi. Dereva naye, gari likishika mwendo, lazima apaze sauti ndipo asikike siti ya nyuma.

Kazi nimeigawa mara mbili. Joto nalizuia uvunguni, kabla halijafika kwenye bati la sakafu. Kelele naizuia ndani, juu ya bati. Shiti (mikeka ya kubandika) zinazodai kufanya yote mawili kwa tabaka moja zipo nyingi, na nimejaribu moja; matokeo yake yako chini.

Bei za vifaa hutofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo gharama nimeziandika kwa asilimia ya bajeti nzima, pamoja na uzito ulioongezeka kwenye gari.

Februari 3: Vipimo kabla ya kufungua kitu

Bila vipimo vya mwanzo utamaliza kazi ukiwa na hisia tu, na hisia ya mtu aliyetoka kutumia pesa haiaminiki.

Kelele nilipima kwa programu ya simu. Desibeli za simu si za kutegemewa kama namba kamili, ila kwa kulinganisha zinafaa, mradi simu iwe ileile, ikae mahali palepale (mimi niliifunga kwenye kilaza kichwa cha siti ya mbele), barabara ileile, kilomita 80 kwa saa, gia ya tano, vioo vimefungwa, feni imezimwa, upepo wa tairi uleule. Nilipata 73 kwa kipimo cha A. Nilipima pia kwa kipimo cha C, kwa sababu kile cha A hupunguza sana ngurumo nzito, na ngurumo ndiyo inayochosha kichwa. C ilitoa 91.

Joto nilipima kwa kipimajoto cha mionzi, kile cha kulenga kwa taa nyekundu. Kapeti chini ya miguu ya abiria, baada ya mwendo mrefu: 47°C. Nikazima gari na kuendelea kupima. Baada ya dakika kama kumi likafika 54°C. Gari likienda, hewa inayopita uvunguni hubeba sehemu kubwa ya joto la bomba. Gari likisimama, hewa hiyo inakoma na katalisti bado ni ya moto, kwa hiyo joto lote linapanda juu. Ukitaka kujua sakafu yako inateseka kiasi gani, pima baada ya kuzima.

Februari 10: Siti na kapeti nje

Kazi ya spana, haina maelezo mengi. Ila siti za mbele zina waya za vikaza mkanda na za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali), kwa kawaida soketi zake ni za rangi ya manjano. Chomoa waya hasi wa betri kwanza, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uguse soketi hizo. Ukiishachomoa usiwashe swichi, la sivyo taa ya eabegi itawaka na kubaki hivyo hadi ifutwe kwa mashine. Kompyuta ya eabegi mara nyingi imefungwa katikati ya sakafu, chini ya konsoli. Hiyo haifunikwi na kitu wala haifunguliwi. Inatakiwa ihisi mshtuko wa bodi moja kwa moja.

Kapeti lilipotoka, chini yake kulikuwa na blanketi la pamba chakavu lililobanwa, lile la kiwandani. Upande wa abiria lilikuwa limelowa. Halikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Lilikuwa na harufu ya shimo. Nililikamua kwa mkono, maji ya rangi ya chai yakatoka.

Chanzo kilikuwa kizibo cha mpira kimoja kilichokosekana kwenye sakafu, kile cha tundu la kupitishia rangi kiwandani. Tairi la mbele lilikuwa linarusha maji hadi pale. Kizibo kipya ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye mradi huu. Blanketi nimelitupa: pamba hunyonya maji na kuyakalisha juu ya bati kwa miezi, na sitairudisha.

Februari 17: Kutu na lami ya kiwandani

Chini ya blanketi kutu ilikuwa ya juujuu, isipokuwa sehemu ya ukubwa wa kiganja ambayo brashi ya waya iliitoboa tundu dogo. Fundi wa kuchomea akaweka kiraka. Kwingine: brashi, msasa, kigeuza kutu, praima, rangi, kisha dawa ya kuziba ya bodi kwenye maungio. Usibandike kitu chochote juu ya kutu iliyo hai. Itaendelea kula bati mahali ambapo hutaiona tena.

Sakafu pia ilikuwa na vipande vya lami vilivyowekwa kiwandani kupunguza mvumo. Kimoja kilikuwa kimepasuka na kuachia. Nilijaribu kukitoa kwa bunduki ya hewa ya moto na kikwaruzo. Lami ikayeyuka na kusambaa, nikajikuta nafuta kwa petroli mchana kutwa. Lami hutoka kwa baridi. Ukimwaga vipande vya barafu kavu juu yake (kaboni dioksidi iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri, vaa glavu nene na ufungue milango yote kwa sababu hewa yake inaziba pumzi), inakakamaa na kupasuka kwa nyundo. Vipande vilivyoshika vizuri nimeviacha. Vinafanya kazi yake, na hakuna faida ya kung'oa kitu kizuri ili ubandike kingine palepale.

Februari 24: Ekzosi kwanza

Kabla ya kutengeneza ngao ya joto nilipandisha gari kwenye stendi nikalaza mgongo uvunguni. Kwenye flanji ya mbele ya katalisti, pale inapofungwa kwa bolti na bomba, palikuwa na alama nyeusi ya masizi, imetanuka kama feni, ikielekea juu, sakafuni. Gasketi inayoziba ungio hilo ilikuwa imeungua upande mmoja. Moshi wa moto ulikuwa unapuliza bati la sakafu moja kwa moja.

Fundi wa ekzosi alipoiona hakutaka hata kusikia habari za shiti. "Kaka, ziba hapa kwanza. Ukifunika bila kuziba, utakuwa unakalia moshi." Yuko sahihi, na jambo lenyewe ni zito kuliko joto. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kabini hii ilikuwa na tundu sakafuni jirani tu na uvujaji huo. Yeyote anayeanza kazi hii kwa sababu ya sakafu ya moto akague maungio yote ya ekzosi kabla ya kununua chochote.

Gasketi ilibadilishwa. Bolti moja kati ya tatu ilikatikia ndani, ikabidi itobolewe na kuwekwa bolti na nati mpya. Hiyo ndiyo iliyokula muda wote wa siku. Mafuta ya kulegeza kutu yapigwe siku moja kabla, na bolti zilegezwe bomba likiwa na uvuguvugu.

Matokeo ya gasketi peke yake: kapeti limerudishwa kwa muda, baada ya kuzima gari, 49°C badala ya 54. Kelele ya A ikashuka hadi 72. Nyuzi tano na desibeli moja, na sijabandika hata kipande.

Nilichogundua pia: mabano manne yenye skrubu yamechomelewa sakafuni juu ya katalisti, matupu. Gari lilitoka kiwandani na ngao. Kutu ilikula masikio yake, ikaanguka njiani au mtu akaing'oa kwa sababu ilikuwa inalia.

Machi 3: Ngao, jaribio lililoshindwa

Hapa ndipo shiti ya "joto na kelele pamoja" ilipojaribiwa. Ni foili ya alumini yenye sponji na gundi nyuma. Niliibandika uvunguni, kwenye bati la sakafu juu ya katalisti, baada ya kusafisha kwa brashi na sabuni.

Gundi iliachia. Niliporudi kuangalia, kona moja ilikuwa inaning'inia, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye katalisti, sponji imekunjamana na kuwa kahawia. Niliichana yote palepale, ingeshika moto.

Sababu ziko mbili. Bati la uvunguni lina mafuta na nta ambayo sabuni haiitoi. Lakini hata ingeshika, mahali penyewe si pake. Katalisti inafanya kazi kwenye mamia ya nyuzi, mara nyingi kati ya 400 na 800°C ndani yake, na sponji ya namna hii hulainika kabla hata ya kufika nyuzi za maji kuchemka. Foili inazuia mionzi ya joto ikiwa ina hewa mbele yake na hewa nyuma yake. Ukiibandika juu ya bati, joto lolote iliyolipokea inalikabidhi kwa bati.

Wengine hufunga bomba kwa mkanda wa nyuzi za kioo. Niliufikiria, nikauacha. Ule mkanda hulowa, hukaa na maji, na bomba la chuma cha kawaida huoza ndani yake bila mtu kuona. Katalisti yenyewe haifungwi kabisa: inahitaji kupoteza joto, ikifunikwa inaweza kuungua ndani.

Machi 10: Ngao, jaribio la pili

Bati la stenlesi la unene wa milimita 0.6 juu ya katalisti, na la alumini la milimita 0.8 juu ya bomba linaloendelea nyuma. Alumini huyeyuka kwenye 660°C, kwa hiyo siiweki jirani na katalisti. Injini ikianza kukosa moto kwenye silinda moja, petroli isiyoungua huenda kuungulia humo na katalisti inaweza kuwaka nyekundu.

Kati ya bati na sakafu nimeacha nafasi ya milimita 15, kwa spesa za bomba nyembamba la chuma zilizokatwa kwa msumeno. Mbele na nyuma pako wazi ili hewa ipite. Nafasi hiyo ndiyo kizuizi chenyewe.

Namna inavyofanya kazi: joto kutoka bomba hadi sakafu linasafiri zaidi kwa mionzi, na mionzi huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto, ukihesabu kutoka sifuri kamili. Bomba likipanda kutoka 300°C hadi 400°C, mionzi inakaribia kuwa maradufu. Bati linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na kidogo kinachobaki kinachukuliwa na hewa inayopita pande zote mbili.

Toleo la kwanza la ngao hii lililia. Injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, kimya. Ukikanyaga hadi mizunguko kama 2,200 kwa dakika, zzzzz, ukiongeza inakoma. Niliongeza raba kwenye bolti, raba zikaungua. Kilichoponya ni mambo matatu kwa pamoja: kukunja kingo zote nyuzi 90 kwa upana wa milimita 10, kugonga mifereji miwili ya mshazari katikati ya bati kwa nyundo na fito ya chuma, na kuweka washa pana. Bati tambarare lina sauti yake, lililokunjwa linakakamaa. Matundu mawili ya nyuma niliyarefusha kwa tupa, kwa sababu ngao ikipata moto inatanuka, na ikibanwa pande zote inajikunja na kuanza kulia upya.

Kipimajoto nacho kilinichezea. Nililenga ngao mara baada ya kuzima gari kikasema 46°C, wakati ukiisogezea mkono unaona kabisa kwamba haishikiki. Vipimajoto vya mionzi husoma vibaya kwenye metali inayong'aa, kwa sababu metali hiyo haitoi mionzi yake sawasawa, inaakisi ya vitu vingine. Nilipaka nukta ya rangi nyeusi isiyong'aa ya ekzosi, ukubwa wa sarafu, nikalenga hapo: 138°C. Vipimo vyote vya metali humu vimechukuliwa kwenye nukta za namna hiyo.

Kapeti baada ya kuzima gari: 39°C. Kwa upande wa joto kazi imekwisha, na ndani ya kabini bado sijaweka kitu.

Machi 17: Butili

Debe tupu haliachi kuvuma, na sakafu tupu ni debe. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: katikati ya sehemu tambarare linaita, karibu na mikunjo linasema "tk". Butili ni ya pale linapoita. Ni mpira mzito wenye ngozi ya alumini juu. Bati likitetemeka, mpira unavutwa kati ya bati na ile ngozi na mtetemo unageuka joto kidogo. Kwa hiyo haihitajiki kila mahali. Ukifunika kati ya robo na nusu ya kila sehemu tambarare, unapata sehemu kubwa ya faida yote. Mimi nimefunika kama asilimia 45. Picha za sakafu zilizojaa fedha kutoka ukuta hadi ukuta zinapendeza, ila ni uzito na pesa.

Kabla ya kununua nilifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia. Nilibandika kipande cha butili na kipande cha utepe wa lami wa kuzibia paa kwenye bati moja, nikalisimamisha wima, nikalipuliza hewa ya moto kutoka nyuma hadi nukta nyeusi isome 80°C. Lami ilianza kuteleza chini huku ikitoa harufu kali. Butili haikusogea. Utepe wa lami ni wa bei nafuu zaidi na watu wengi hushawishika. Ndani ya gari lililoanikwa juani mtavuta harufu hiyo kila siku.

Kubandika kwenyewe: kata, pasha kidogo, weka, kandamiza kwa rola ndogo ya chuma. Ngozi ya alumini ina vinundu vidogovidogo vilivyochapwa. Sukuma rola hadi vinundu vilale kabisa na ngozi iwe laini. Pale vinapobaki vimesimama, chini yake kuna hewa. Kipovu kikitokea, kitoboe kwa ncha ya kisu na ukandamize kuelekea kwenye tundu. Vidole vitachanika. Kingo za ile alumini zinakata kimyakimya, unaona damu kwenye shiti ndipo unajua.

Sehemu ya kwanza, nyuma ya siti ya dereva, iliachia usiku huohuo. Kona zilinyanyuka, na upande wa gundi ulikuwa na utando wenye mng'aro: petroli iliyofutia lami Februari ilikuwa imeacha mafuta. Sakafu yote ikafutwa upya kwa alkoholi ya isopropili na vitambaa safi, kila kitambaa kikitupwa kikishika weusi, hadi cha mwisho kitoke cheupe. Baada ya hapo hakuna kilichoachia.

Vizibo vya maji havikufunikwa, wala bolti za chesisi. Nilivizungushia alama kwa kalamu kabla ya kuanza, kwa sababu ukishabandika huvioni tena.

Kilo 5.3. Kelele ya A 71, C 86. Ngurumo imepungua kuliko mluzi wa tairi, kama ilivyotarajiwa.

Machi 24: Sponji na vinili nzito

Butili inanyamazisha bati lenyewe. Sauti inayopita hewani, mluzi wa tairi hasa, inahitaji kizuizi kizito kisichopitisha hewa na kisichogusa bati. Nimetumia vinili, shiti nzito ya plastiki, yenye kilo 4.9 kwa mita ya mraba, unene wa milimita 3 hivi, juu ya sponji ya milimita 6 yenye vijishimo vilivyofungwa, ile isiyonyonya maji. Sponji inatenganisha. Ukigandisha vinili moja kwa moja kwenye bati inatetemeka pamoja nalo na unabaki na uzito tu.

Ramani nilikata kwa maboksi ya karatasi ngumu. Nilianza na wazo la kipande kimoja kwa sakafu yote ya mbele, ili kusiwe na maungio. Haikukubali. Vinili ni nzito na haina mnyumbuko wa kupanda mgongo wa giaboksi na kushuka upande wa pili. Ilisimama kama daraja na kuacha mfuko wa hewa pande zote mbili. Vipande vitatu, kimoja cha mgongo na viwili vya miguu, vikipandana kwa sentimita 5 na kuzibwa kwa tepu ya vinili, vimekaa vizuri zaidi.

Matundu ndiyo adui hapa. Hesabu yake ni kali: kizuizi chenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata kingekuwa cha risasi. Wakati huohuo kuongeza uzito wa kizuizi mara mbili kunakupa desibeli 5 au 6. Ni afadhali kutumia saa nzima kuziba nyufa kuliko kununua vinili nzito zaidi.

Na ufa mkubwa kuliko wote ulikuwa umejificha chini ya konsoli: raba ya ndani ya gia ilikuwa imechanika nusu ya mzunguko wake. Ukitazama humo unaona lami ya barabara. Raba mpya ilipoingia, kwa uzito usiofika hata robo kilo, A ilishuka kutoka 69 hadi 67. Hakuna kitu kingine kwenye mradi mzima kilichotoa faida kubwa namna hiyo kwa pesa ndogo namna hiyo.

Vinili kilo 12.7, sponji chini ya kilo moja.

Machi 31: Kapeti limepanda

Kapeti limeinuka karibu sentimita moja. Sehemu nyingi haina shida. Kwenye pedeli ilikuwa hatari.

Injini ikiwa imezimwa, nilibonyeza pedeli ya mafuta hadi mwisho kwa mkono, taratibu, nikaachia. Ilirudi. Nikabonyeza tena nikiisukuma kidogo kando, kama mguu wenye kiatu kinene ungefanya. Ilibaki chini. Ukingo wake wa chini ulikuwa umezama kwenye kapeti lililovimba na kunaswa. Barabarani hilo ni gari lisilopunguza mwendo.

Sponji na vinili vyote vimeondolewa chini ya pedeli na kwenye mteremko ulio nyuma yake. Pamebaki butili peke yake, kapeti limelala palepale lilipolala kiwandani. Nimejaribu tena kwa viatu tofauti, kwa pembe zote, na klachi na breki vilevile. Asiyefanya jaribio hili asirudishe gari barabarani.

Jambo la pili ni miguu ya siti. Sponji isikae kati ya mguu wa siti na bati. Inabonyea polepole, bolti inalegea, na siti ndiyo inayoshika watu wakati wa ajali. Nimekata mraba kuzunguka kila bolti, chuma kinakaa juu ya chuma, na bolti zimekazwa kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Soketi za manjano zimerudi kabla ya betri, taa ya eabegi imewaka na kuzimika yenyewe kama kawaida.

Aprili 7: Vipimo vya mwisho na hesabu

Barabara ileile, upepo wa tairi uleule. A ni 66, C ni 83. Kapeti baada ya kuzima gari, 36°C. Desibeli saba hazifiki nusu ya kelele kwa sikio, maana nusu huhitaji kama kumi, ila siti ya nyuma sasa inasikia mbele bila mtu kupaza sauti.

Kelele nyingine zimejitokeza, zilikuwepo siku zote zikimezwa na sakafu: upepo kwenye kioo cha pembeni, na raba ya mlango wa nyuma. Sijazigusa.

Bajeti imegawanyika hivi. Vinili asilimia 39, butili 26, ngao pamoja na bolti na spesa 12, gasketi na kazi zote za mafundi 9, sponji 6, alkoholi, tepu na rangi 3, raba ya gia na kizibo 2, na asilimia 3 ni foili na utepe wa lami vilivyoishia kwenye pipa la taka. Gari limeongezeka karibu kilo 21, ngao ikiwa na kilo 1.8 kati ya hizo.

Mwenye bajeti ya theluthi moja tu afanye gasketi, ngao, raba na vizibo, kisha butili kidogo kwenye sehemu zinazoita. Vinili inaweza kusubiri. Joto litakuwa limekwisha, na kelele itakuwa imepungua vya kutosha kumfanya afikirie mara mbili kama anaihitaji.

Mei 19: Baada ya mvua

Nimenyanyua kapeti pande zote mbili na kupitisha mkono chini ya sponji. Pakavu.

Uvunguni hali ni tofauti. Nafasi kati ya ngao na sakafu ilikuwa imeshika tope kutoka mbele, limekauka na kuziba nusu ya njia ya hewa, na kapeti lilikuwa limerudi hadi 41°C. Tope lilitoka kwa maji ya presha. Ukingo wa mbele wa ngao nimeukunja ushuke milimita 20 ili utupe matone chini, na tangu hapo, hata baada ya njia ya matope, nafasi iko wazi na kipimo kimeshuka hadi 37. Uso unaotazama bomba umepoteza mng'aro kidogo. Nimeufuta kwa kitambaa chenye sabuni, na nitaufuta kila ninapobadilisha oili, kwa kuwa gari liko juu tayari.

Kinachofuata ni matao ya magurudumu ya nyuma. Butili iliyobaki inatosha tao moja na nusu.